Rimoti ya AC imepotea? Tumia ya TV kuendesha chumba cha kuivishia ndizi

Wengi wenu mnaoivisha ndizi mnatumia AC ya kawaida ya ukutani. Inafaa, maana joto tunalotaka ni nyuzi 16 hadi 18. Shida ni rimoti. Ikipotea, AC inabaki pambo. Tena umeme ukikatika usiku ukarudi, AC nyingine haziwaki zenyewe mpaka uzibonyezee. Chumba kikipanda kupita nyuzi 24 hivi, nyama ya ndizi inalainika huku ganda likibaki na ukijani, na hapo mteja anakushusha bei.

Dawa yake ipo, na haihitaji kufungua AC.

Kwa nini rimoti ya TV haiwashi AC?

Rimoti zote mbili hutuma mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Mwanga huo huwaka na kuzima kwa kasi, mara nyingi kama mara 38,000 kwa sekunde, ukikatwa vipande virefu na vifupi. Mpangilio wa vipande hivyo ndiyo lugha yenyewe, na kila kampuni ina ya kwake. TV inaongea Kisukuma, AC inaongea Kimakonde. Kinachohitajika ni mkalimani.

Mkalimani huyo ni maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kwenye kiganja. Kwa kazi hii napendekeza ESP32, kwa sababu ujumbe wa AC ni mrefu na unahitaji kumbukumbu ya kutosha.

Vitu vya kununua

- Bodi ya ESP32 na chaja ya simu
- Kipokezi cha infraredi, mfano VS1838B
- Taa ya LED ya infraredi, transista na rezista
- Kipima joto cha kidijitali, mfano DS18B20, na rezista yake

Hatua

1. Weka kwenye kompyuta programu ya Arduino IDE na maktaba ya IRremoteESP8266. Jina lisikutishe, inafanya kazi na ESP32 pia.
2. Elekeza rimoti ya TV kwenye kipokezi, bonyeza vitufe viwili usivyovitumia, uandike namba zinazotokea.
3. Azima rimoti ya AC ya aina kama yako, hata kwa nusu saa. Iweke kwenye kupoza, nyuzi 17, kisha tuma na urekodi. Rekodi na ujumbe wa kuzima.
4. Andika programu: kitufe cha kwanza kikisomwa, tuma ujumbe wa nyuzi 17, cha pili, tuma wa kuzima.
5. Funga LED ikiitazama AC, kama mita moja hivi.

Hapa ndipo wengi wanakwama: rimoti ya TV hutuma jina la kitufe tu, lakini nyingi za AC hutuma hali nzima kila unapobonyeza, yaani kupoza, joto, kasi ya feni, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo usirekodi kitufe cha "kupunguza joto" ukidhani kitashusha nyuzi moja moja. Rekodi hali kamili unayoitaka.

Umeme ukirudi

Iambie programu isubiri dakika 5, kisha itume yenyewe ujumbe wa nyuzi 17. Usiifupishe sana, kompresa inahitaji kupumzika kabla ya kuwaka tena.

Usiamini, pima

Rimoti hizi huongea tu, hazisikii jibu. Bodi haijui kama AC imepokea. Ndiyo maana kuna kipima joto: chumba kikibaki juu ya 19 baada ya nusu saa, bodi itume tena na ipige kengele.

Jambo la mwisho: AC nyingi hazikubali chini ya nyuzi 16, na ujumbe wa infraredi hauwezi kuzilazimisha. Kwa ndizi ni heri, kwani chini ya 13 ganda linaumia na kufifia rangi. Lakini kama unataka kuhifadhi kabichi au maharage mabichi, mfumo huu haukutoshi, tafuta chumba cha baridi chenyewe.

Anza kujaribu chumba kikiwa kitupu. Mikungu iingie baadaye.