Mnunuzi wa ngono mbele ya sheria: Ushirombo na ukanda wa dhahabu

Biashara ya ngono ina watu watatu ambao sheria ya jinai inaweza kuwashika: anayeuza, anayenunua, na anayevuna faida katikati, awe kuwadi au mwenye danguro. Kwa muda mrefu serikali nyingi zilimwandama wa kwanza na wa tatu, na mnunuzi akarudi zake nyumbani. Sweden ndiyo iliyogeuza mambo. Tangu tarehe 1 Januari 1999, mkosaji kwa sheria ya huko ni yule anayelipia ngono, na anayeiuza hana kosa. Waliotunga sheria hiyo walishikilia kwamba kinachoilisha biashara hii ni fedha ya wanunuzi, na kwamba mwanamke anayeuza mwili kwa dhiki ni wa kusaidiwa atoke, si wa kufungwa. Norway na Iceland zilifuata mwaka 2009, Canada 2014, Ireland ya Kaskazini 2015, Ufaransa 2016 na Jamhuri ya Ireland 2017. Ufaransa humtoza mnunuzi faini inayofikia euro 1,500, na akirudia kosa, euro 3,750. Norway ilikwenda mbali zaidi, kwani katazo lake humfuata raia wake popote aendako. Mnorwei aliyekuja kufanya kazi mgodini Geita akalipia ngono amevunja sheria ya kwao, hata kama hapa nchini hakuna aliyemuuliza neno.

Tanzania haikufuata njia hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyotungwa mwaka 1945 chini ya utawala wa Waingereza, haina kifungu kinachosema wazi kwamba mtu mzima akimlipa mtu mzima mwenzake kwa ajili ya ngono, faraghani, ametenda kosa. Kinachoadhibiwa ni mambo yanayoizunguka biashara hiyo. Kifungu cha 145 kinamlenga mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, au anayeshawishi watu hadharani kwa mambo ya uasherati. Kifungu cha 146 kinamgusa mwanamke anayefaidika na ukahaba wa mwenzake, na cha 148 kinamhusu anayeweka danguro. Kifungu cha 176 kinamweka kahaba anayetafuta wateja mahali pa wazi katika kundi moja na wazururaji, na adhabu yake ni faini au kifungo kifupi.

Mnunuzi, basi, akishikwa hushikwa kwa kushawishi hadharani, na hata hapo maneno ya kifungu cha 145 hayakuandikwa kwa ajili yake. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya 1898 dhidi ya uzururaji, iliyowalenga makuwadi. Mwaka 1966, katika kesi ya Crook dhidi ya Edmondson, mahakama ya huko Uingereza ilitamka kwamba maneno kama hayo hayamgusi mwanamume anayeendesha gari polepole akiwaita wanawake waliosimama barabarani. Waingereza walilazimika kutunga sheria nyingine mwaka 1985 ili kumfikia mtu huyo. Makoloni yalikuwa yamekwisha kurithi maneno ya zamani, na yamebaki nayo.

Utekelezaji umefuata mkondo huohuo. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilipowasaka wasio na kazi mijini, wanawake wasio na waume walikuwa miongoni mwa waliokamatwa wakidhaniwa makahaba. Miaka 41 baadaye, Juni 2024, operesheni ya Wilaya ya Ubungo jijini Dar es Salaam iliwakamata wanawake waliodaiwa kuwa dada poa na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Majina ya operesheni hubadilika, lakini macho ya dola huanzia kwa mwanamke.

Ushirombo ni mahali pazuri pa kuona jinsi pengo hili linavyofanya kazi. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Umekaa kwenye barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kwenda Nyakanazi, na kutoka hapo malori huelekea Rusumo kuingia Rwanda au Kabanga kuingia Burundi. Jirani yake kuna machimbo ya Katente, ambako STAMICO, shirika la madini la taifa, iliweka kituo cha mfano kwa wachimbaji wadogo, kimoja kati ya vitatu pamoja na Lwamgasa na Itumbi.

Fedha ya machimbo haifuati tarehe ya mshahara. Vijana wa duara, yaani shimo la kuchimbia, hushinda chini wiki nyingi wakila kwa gharama ya mwenye duara. Mawe yenye dhahabu yakipatikana hugawana viroba, husaga, huosha, hukamata kwa zebaki, huuza, na fedha ya mkupuo hufika mikononi mwa watu wengi kwa siku chache. Baa, gesti na vibanda vya chakula hujaa siku hizo. Habari za rashi mpya, yaani mahali palipogunduliwa dhahabu na watu wanapokimbilia, zikisikika, wachimbaji huhama usiku mmoja, na mama ntilie, baamedi na wasichana wa kuuza pombe huwafuata. Anayedhani biashara ya ngono ya ukanda huu ina mtaa wake maalumu, kama ilivyo katika miji mikubwa, ataitafuta asiione. Imo ndani ya kazi nyingine, na mara nyingi baamedi ambaye mshahara wake hautoshi kodi ya chumba ndiye huyohuyo anayelipwa baada ya baa kufungwa.

Hapa ndipo sheria ya namna ya Sweden ingekutana na ugumu wake wa kwanza, yaani kujua malipo ni yapi. Sheria ya Sweden ilipotungwa ilizungumzia uhusiano wa kingono wa kupita, unaopatikana kwa malipo. Machimboni mahusiano mengi si ya kupita. Mchimbaji anaweza kumpangia mwanamke chumba, akamnunulia unga na mafuta, akaishi naye hadi duara linapokauka, kisha akahama. Mwingine hutoa kiroba cha mawe badala ya noti. Ipo ndoa ya mapatano hapo, upo urafiki, na ipo biashara, na mara nyingi wenyewe hawakubaliani ni ipi. Sheria ikiandikwa kwa upana itawakamata wapenzi maskini. Ikiandikwa kwa wembamba itamshika dereva wa lori aliyepita usiku mmoja na kumwacha tajiri wa maduara.

Ugumu wa pili ni ushahidi. Kitabu cha wageni cha gesti huwa na nafasi ya jina, kabila, kazi, atokako, aendako na sahihi. Anayekijaza kwa kawaida ni aliyelipa chumba, na aliyeingia naye hana mstari wake. Jina lenyewe linaweza kuwa la uongo, kwa kuwa mara nyingi hakuna anayedai kitambulisho. Bila ungamo au mtego wa polisi, kinachobaki ni neno la mwanamke, na yeye akitoa ushahidi anakiri mambo ambayo kifungu cha 176 kinaweza kutumiwa kumwadhibu. Sweden iliondoa kikwazo hicho kwa kumtoa muuzaji nje ya kosa. Nchi itakayoongeza adhabu ya mnunuzi bila kuondoa ya muuzaji itakuwa imeua shahidi wake mkuu kwa mkono wake yenyewe.

Afrika tayari ina mfano wa njia hiyo ya kuadhibu pande zote mbili. Afrika Kusini iliongeza kosa la mnunuzi mwaka 2007 huku kosa la muuzaji likibaki. Nchini Uganda ukahaba wenyewe ni kosa, na muswada wa makosa ya kujamiiana uliopitishwa na Bunge Mei 2021, uliogusa pia wateja, haukupata saini ya Rais Museveni. Kenya hutegemea zaidi sheria ndogo za miji dhidi ya kushawishi na kuzurura.

Upande wa afya una uzito wa pekee katika ukanda huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wanawake wanaofanya kazi katika baa, gesti na hoteli za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ili kuona kama dawa ya kuzuia malengelenge ya sehemu za siri ingepunguza maambukizi ya VVU. Dawa haikusaidia, lakini hesabu iliyotoka humo inatisha: takriban wanawake 4 kati ya kila 100 waliambukizwa kila mwaka. Mwanamke wa aina hiyo anapouza ngono anahitaji muda wa kumwangalia mteja, kumkagua na kudai kondomu. Wanaopinga sheria za kumwadhibu mnunuzi wanasema mteja mwenye hofu hutaka mapatano ya haraka mahali pa giza, na anayelipa gharama ya haraka hiyo ni mwanamke. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014, yakitumia takwimu za Mombasa pamoja na miji ya Canada na India, yalionyesha kwamba kuiondoa biashara hii katika jinai kabisa, kama New Zealand ilivyofanya mwaka 2003, kungeweza kuzuia asilimia 33 hadi 46 ya maambukizi ya VVU kwa miaka 10. Ni makadirio ya hesabu, si matokeo yaliyokwisha kuonekana, lakini hayapuuziki. Uchunguzi wa serikali ya Sweden wa mwaka 2010 nao ulisema ukahaba wa mitaani ulikuwa umepungua kwa nusu. Wakosoaji wakajibu kwamba sehemu yake ilihamia kwenye simu na mitandao. Tanzania nayo ilionyesha jinsi hatua za serikali zinavyoweza kugusa afya Februari 2017, Wizara ya Afya ilipositisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyohudumia makundi maalumu, wakiwamo wanaouza ngono.

Kabla ya kutamani sheria mpya, zipo mbili zilizokwisha kutungwa ambazo zinamshika mnunuzi wa aina fulani, na inasikitisha kuona zinavyotajwa kwa nadra mada hii inapojadiliwa.

Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 25 kinamtia hatiani mtu mwenye nafasi ya mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo. Hiyo ni bei isiyo ya fedha. Maneno ya kifungu hayaishii kwa watumishi wa serikali. Msimamizi anayemwambia mwanamke kwamba hataokota magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodi, wala kuponda mawe mpaka alale naye ananunua ngono kwa kutumia kazi. Mwaka 2024 lilipotolewa pendekezo la kumwadhibu pia anayetoa ngono hiyo, mashirika ya wanawake yalilipinga, na kwa haki: mwanamke anayejua kwamba atashtakiwa pamoja na msimamizi hatakanyaga ofisi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Ya pili ndiyo nzito zaidi. Kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinasema kwamba mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, awe ameridhia au hakuridhia. Adhabu ya mtu mzima chini ya kifungu cha 131 haipungui miaka 30 jela. Fedha haibadili chochote. Anayemlipa msichana wa miaka 16 katika gesti ya machimboni hahesabiwi kuwa mteja, ni mbakaji. Aliyelipwa akiwa mvulana, makosa mengine ya Kanuni hiyohiyo yana adhabu kali vilevile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, katika kifungu cha 83, inakataza kumtumia mtoto katika shughuli za ngono, ziwe za malipo au la. Na suala hili si la nadharia: mwaka 2013 Human Rights Watch, katika ripoti yake juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, yakiwamo ya Geita na Shinyanga, ilieleza jinsi wasichana wanavyosumbuliwa na wengine kuingizwa katika biashara ya ngono.

Kesi hizi huvunjika katika hatua zinazojulikana. Umri ni hatua ya kwanza. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba msichana alikuwa chini ya miaka 18, na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Katika kesi ya Issaya Renatus dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ikiketi Tabora ilieleza kwamba uthibitisho wa umri unaweza kutolewa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti kama kipo. Cheti, basi, si sharti. Mama aliyemzaa anaweza kusimama kizimbani akataja mwaka, naye daktari akaeleza alichokiona.

Ushahidi wa tendo lenyewe umewekwa wazi tangu kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006: ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathirika. Akiwa na umri usiozidi miaka 14, tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ushahidi anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli.

Hatari kubwa ipo kabla ya kizimbani. Familia humalizana nyumbani: fedha hutolewa, wazee hushuhudia, na msichana huambiwa anyamaze. Pengine mahari hutajwa harakaharaka, kwa sababu kifungu cha 130 kinaacha nje ya kosa hili mke aliyefikisha miaka 15, na mtuhumiwa hujiita mume. Mara nyingine rashi humhamisha shahidi kwenda wilaya nyingine kabla hakimu hajapanga tarehe. Kwa sababu hizo, maelezo ya msichana yanapaswa kuandikwa siku ileile katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwenye faili yakaandikwa jina na kijiji cha mama au ndugu anayejua umri wake, ili aweze kuitwa hata kama binti mwenyewe amehama Bukombe.