Mama Kaanguka: Tumwombe Mungu au Tutafute Gari?

Simu za namna hii huja alfajiri. Dada aliyebaki nyumbani na wazazi anasema mama ameamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno hayaeleweki. Jana jioni alikuwa uani akipepeta mchele. Muda si mrefu kundi la WhatsApp la ukoo limejaa dua na maombi. Mjomba anataka aitwe mchungaji, shangazi ana hakika kuna mkono wa mtu, na mtoto aliye mbali anauliza kama mama apewe aspirini. Kinachosahaulika ni gari.

Kiharusi ni ubongo kukosa damu, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama umepasuka. Kwa nje aina hizo mbili hufanana kabisa. Hata bingwa wa ubongo akimtazama mgonjwa kwa macho hawezi kuapa ni ipi. Inabidi kichwa kipigwe picha kwa mashine ya CT. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kwa aliyeziba mshipa tu. Aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo, inaweza kumuua.

Saa hizo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu mlipomkuta ameanguka. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari huwa dogo na la kuudhi: mara ya mwisho mama alikuwa salama saa ngapi? Mwenye kulijua jibu ni yule dada, au mjukuu aliyelala chumba kimoja na bibi. Aulizwe mapema, na jibu liandikwe.

Mengine ni ya kuacha kufanya. Aspirini isitolewe kabla ya picha, kwa kuwa huenda mshipa umepasuka. Vidonge vya presha visiongezwe ili ishuke haraka; presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikihangaika kupata damu huikosa kabisa. Wala asinyweshwe kitu. Koo la aliyepata kiharusi mara nyingi halimezi sawasawa, na kinachopotea njia huishia mapafuni na kuleta nimonia. Katazo hili halichagui: ni uji, ni chai, ni maji ya zamzam, ni maji ya upako. Familia ikitaka, imfute nayo uso na mikono.

Najua msomaji wa mbali na mji atauliza: na kama hospitali yetu haina dawa hiyo ya kuyeyusha damu? Nyingi hazina, na inapopatikana ni ghali. Mpelekeni hivyo hivyo. Sukari iliyoshuka mno huweza kuiga kiharusi, mdomo kwenda upande na yote, na hurekebishwa kwa dakika chache. Kupima kama mgonjwa anaweza kumeza, kumgeuza kitandani na kutuliza homa ni kazi za wauguzi zisizo na sifa magazetini, lakini huokoa watu.

Kuna pia hali inayodanganya wengi. Mdomo unarudi mahali pake baada ya nusu saa, mama anaongea, nyumba nzima inashukuru na mgonjwa anarudi jikoni. Shukrani ni haki yake Mungu. Ila hiyo huwa ni kiharusi cha kupita, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi siku mbili za mwanzo. Shukuruni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kwa nini basi gari huchelewa? Umaskini na barabara vina sehemu yao, lakini maelezo tunayojipa nayo huchelewesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watu wa Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuhusu chanzo cha kiharusi. Ungetegemea kijiji ndicho kitaje mapepo. Ikawa kinyume: mjini ndiko walikotaja sana mapepo na uchawi, na Hai wakazungumzia zaidi presha, mafuta na mawazo. Swali la nani kamfanyia hula saa zilezile ambazo dawa inazihitaji.

Nisieleweke kwamba imani ndiyo inayochelewesha. Dini zetu mbili kubwa zina majibu ya zamani kwa jambo hili. Mfalme Hezekia alipougua karibu kufa aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15, na katika kisa hichohicho nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Khalifa Umar bin Khattab aliposikia tauni imeingia Sham alikokuwa akienda, aliikatisha safari yake. Kamanda wake Abu Ubaida akamhoji kama anakimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Mungu kwenda kwenye nyingine. Hakuna kati yao aliyeona tiba au tahadhari kuwa upungufu wa imani.

Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake mwaka 1988 walieleza namna tatu za waumini kukabili matatizo: anayejitegemea mwenyewe, anayemwachia Mungu kila kitu akakaa, na anayeshirikiana na Mungu. Kwa maoni yangu, saa za mwanzo za kiharusi zinamtaka huyu wa tatu. Mmoja aombe kwa sauti ndani ya gari na mwingine ashike karatasi yenye saa na majina ya dawa anazotumia mama.

Kumtumaini Mungu huanza kudaiwa kwa nguvu baadaye, kwenye benchi la nje ya wodi, daktari anaposema tusubiri. Wapo wanaofikishwa mapema na bado wanafariki. Hezekia mwenyewe, miaka yake 15 ilipoisha, alikufa. Tumaini linalosimama juu ya sharti kwamba mama lazima apone huvunjika hapo, na likivunjika huumiza. Mwaka 2001 Pargament na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 596 wa miaka 55 na zaidi waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliohisi Mungu amewatupa, au waliouona ugonjwa kuwa kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali yao ya kiafya kuzingatiwa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba huzuni hiyo ndiyo iliyowaua. Unatosha, hata hivyo, kumtahadharisha mchungaji au shehe: anapofika kitandani asianze kumtafutia mgonjwa dhambi. Akae, asikilize. Mzee anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye.

Nyumbani kuna mtego mwingine. Mzazi aliyeombewa akajisikia vizuri huacha vidonge vya presha kwa kuwa amepona. Presha haina maumivu ya kumkumbusha, na tiba yake kwa wengi ni ya maisha. Kauli ya kiongozi wa dini hapa ina uzito kuliko yangu: viongozi wetu, tangazeni madhabahuni na kwenye mimbari kwamba aliyeombewa aendelee kumeza dawa zake hadi daktari atakaposema vinginevyo.

Na wewe mwenye wazazi walio hai, piga simu leo kabla wao hawajakupigia. Uliza presha yao ilipimwa lini, hospitali ya karibu yenye CT ni ipi, na gari la usiku hapo kijijini ni la nani.