Frigo na Majiko ya Umeme katika Nyumba za Zamani za Kisangani: Matumizi, Majina na Utunzaji

Utangulizi

Makala haya yanahusu mitambo ya jikoni iliyobaki katika nyumba zilizojengwa Kisangani baina ya mwaka 1945 na 1960, hususan frigo na majiko ya umeme, na jinsi inavyoweza kutunzwa. Huenda mada hiyo ikaonekana kuwa ya fundi zaidi kuliko ya mwanaisimu. Hata hivyo, chombo cha nyumbani hakihifadhiwi peke yake. Huhifadhiwa pamoja na jina lake, kazi yake na ujuzi wa wale waliokizoea. Na kinapouzwa kwa uzito wa chuma chake, vyote hivyo huondoka pamoja nacho.

Mji na mitambo yake

Mji huu ulianza kama kituo cha Stanley Falls mwaka 1883, ukaitwa Stanleyville, na mwaka 1966 ukapewa rasmi jina la Kisangani, ambalo wenyeji walikuwa wakilitumia tangu zamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulipanuka upesi. Katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Makiso, iliyokuwa mji wa Wazungu, zilijengwa nyumba zenye baraza pana, jiko la ndani lililoelekea uani, na nyuma ya ua kibanda cha watumishi kilichoitwa boyeri. Mitambo ya majiko hayo ilipanda mto Kongo kutoka Léopoldville kwa meli za shirika la Otraco, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo kilijengwa katika miaka ya 1950; kwa hiyo frigo ya mafuta ya taa na frigo ya umeme zilipata kuwa majirani katika mji mmoja, na wakati mwingine katika nyumba moja.

Ifahamike kwamba mwenye nyumba siye aliyeijua mitambo hiyo. Aliyeijua ni mpishi, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamume Mkongo: ndiye aliyekata utambi, aliyeyeyusha barafu iliyoganda, aliyejua ni upande gani wa jiko uliounguza mkate. Wenye nyumba wengi waliondoka baada ya tarehe 30 Juni 1960. Nyumba zikabadilisha mikono mara nyingi: wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, wakati wa maasi ya askari wa kukodiwa mwaka 1966 na 1967, na tena kufuatia hatua za zairianisation zilizotangazwa Novemba 1973. Zikaja ghasia za uporaji za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha vita vya siku sita vya Juni 2000 baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda, vilivyopiganwa ndani ya mji wenyewe. Frigo iliyosimama mahali pake tangu mwaka 1956 imepita katika hayo yote, na si haba.

Jambo la majina

Msomaji aliyefundishwa Kiswahili sanifu atatarajia neno jokofu, wingi majokofu. Yule wa Nairobi atasema friji. Kisangani husemwa frigo, kutokana na Kifaransa, na wingi wake husikika pia kuwa mafrigo, kwa ile tabia ya Kiswahili cha Kongo ya kuyapa maneno ya kigeni kiambishi ma-. Jiko dogo la umeme la kuwekwa mezani ni resho. Kukatika kwa umeme kwa zamu ni delestaji, neno ambalo hata mtoto analijua. Na nishati ya kupikia ya watu walio wengi ni makala, yaani makaa, neno ambalo katika kurasa kama hizi lina maana nyingine kabisa. Mwanafunzi atokaye pwani akisikia kwamba gunia la makala limepanda bei asidhani kuwa wanazuoni wameongeza ada.

Kubadili frigo kuwa jokofu katika orodha ya vyombo vya nyumba ya Kisangani ni kosa la utafiti, ingawa sarufi haitalalamika. Orodha huandikwa kwa neno la mwenye chombo, kisha neno sanifu huwekwa pembeni.

Namna zinavyofanya kazi

Frigo ya mafuta ya taa haina mota wala kipande kinachozunguka. Iliasisiwa na Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikaieneza ulimwenguni. Ndani ya mabomba yaliyofungwa mna amonia, maji na hidrojeni. Moto mdogo huipasha joto amonia na kuitoa katika maji. Hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kioevu, kisha hukutana na hidrojeni na kugeuka tena mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la vyakula. Hatimaye maji huinywa tena, na mzunguko huanza upya. Kwa kuwa kinachovisukuma vioevu hivyo ni uzito wao tu, frigo hiyo ni lazima isimame wima kabisa. Nyingi zinazodhaniwa kufa zimeinama tu, au bomba la moshi limejaa masizi. Mafundi pia huipindua kichwa chini kwa siku moja ili kuzibua mabomba, na mara nyingine hufaulu. Lakini ikionekana alama ya manjano kwenye maungio, au harufu kali ya amonia, isiwashwe tena: manjano hiyo ni kromati iliyotiwa kuzuia kutu, nayo ni sumu.

Frigo ya umeme ina kompresa, na adui yake mkubwa ni umeme wenyewe. Volti zikishuka mno, mota hushindwa kuanza, huvuta umeme mwingi na nyuzi zake huungua. Baada ya delestaji yafaa kungoja dakika tano au zaidi kabla ya kuiwasha, ili mgandamizo wa gesi usawazike. Stabilizata nzuri ni bora kuliko fundi mzuri. Nyaya za miaka hiyo, zilizofunikwa kwa mpira na kitambaa, hupasuka zinapozeeka, na katika hewa yenye unyevu kama ya Kisangani haifai kuziamini. Zibadilishwe kabla ya jaribio lolote.

Tatizo la gesi ni gumu zaidi. Frigo nyingi za wakati huo zilitumia R-12, moja ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ambazo zilidhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuacha kuitengeneza. Baadhi ya mafundi hutia R-134a mahali pake. Gesi hiyo haichanganyiki na mafuta ya zamani ya kompresa, hivyo mafuta hayarudi na kompresa hukwama. Njia iliyobaki ni kufunga kompresa mpya na kuhifadhi ile ya zamani, au kukubali kwamba frigo haitapoza tena.

Ni maoni ya makala haya kwamba uamuzi huo wa pili haudharauliki. Familia nyingi zimekwisha kuufanya bila kushauriwa na mtu: frigo iliyokufa hugeuzwa kabati la unga, sukari na sahani, kwa kuwa panya hawezi kuitoboa. Kabati hilo limeokoa frigo nyingi kuliko fundi yeyote.

Utunzaji

Emaye husafishwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Mchanga na majivu, vinavyoing'arisha sufuria ya alumini, huikwaruza emaye na kufungulia kutu mlango. Palipobanduka pakaushwe na kupakwa rangi hapo hapo tu. Kupaka upya chombo kizima hufunika kibati cha kiwanda, ambacho mara nyingi ndicho ushahidi pekee wa aina na namba yake. Majiko ya umeme ya wakati huo yaweza kuwa na asibesto katika kuta na kandokando ya mlango wa tanuri. Isikwanguliwe wala kufagiliwa ikiwa kavu.

Mlango unahitaji uangalifu wa pekee. Frigo isiyowashwa ikifungwa huota ukungu, kwa hiyo huachwa wazi kidogo. Lakini vitasa vya zamani hufunguka kwa nje tu, na watoto wamekufa ndani ya frigo zilizotupwa. Ndiyo sababu Marekani ilipitisha sheria mwaka 1956 kwamba mlango uweze kusukumwa kutoka ndani. Kitasa kitolewe, kifungwe katika kitambaa pamoja na skrubu zake, na kuwekwa ndani ya frigo yenyewe.

Kisha iandikwe karatasi: kibati kinasema nini, nyumba ni ipi, chombo kinaitwaje na wenyeji, kinaitwaje na fundi, kilitengenezwa lini na kwa vipande gani. Kazi hiyo ya mwisho haiwezi kungoja. Mpishi aliyeingia jikoni mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 20 alizaliwa mwaka 1938. Mwanafunzi anayemjua mmoja wao katika mtaa wake, Mangobo, Kabondo au ng'ambo ya Lubunga, amwendee na daftari. Amwulize kwanza aliitaje kila sehemu ya frigo: utambi, tangi, rafu, chumba cha barafu. Kisha amwulize alifanyaje moto ulipokuwa wa manjano badala ya buluu.