Mimba Zinazotolewa: Hesabu Inasema Nini?

Wizara ya Afya na watafiti walikadiria kwamba mwaka wa 2012 mimba kama 464,000 zilitolewa hapa Kenya. Hawakuuliza kila mwanamke. Nani angekubali kusema? Walihesabu waliofika hospitalini wameumia, karibu 120,000, halafu wakakadiria wale ambao hawakufika.

Sisi tunaamini, kama Katiba ya 2010 inavyosema, kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Katiba hiyo hairuhusu kutoa mimba ila kukiwa na haja ya matibabu ya dharura, maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Lakini wacha tuseme ukweli. Msichana akipata mimba, ni nani humcheka kwanza? Ni sisi, kule mtoni na hata mlangoni pa kanisa. Yule kijana aliyempa mimba haulizwi kitu. Basi msichana anaenda kwa siri kunywa dawa asizozijua.

Tangu 1994 serikali inaruhusu msichana aliyezaa arudi shule, na wazazi wengi hawajui. Kikundi chenye akiba kinaweza kutoa unga, na mama mmoja akae na mtoto. Na mkimkuta anatokwa na damu, msimhoji. Mpelekeni hospitali mara moja. Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.