Bakuli la Mchina kwenye makaburi ya Kunduchi

Wadau, kuna dogo mmoja wa hapa Temeke kaniuliza juzi: "Bro, hivi Dar ina magofu, au mpaka mtu aende Bagamoyo na Kilwa?" Simlaumu. Hata mimi nilikuwa naamini hivyohivyo, mpaka siku nilipounga magari hadi Mtongani na kuteremka kuelekea baharini, Kunduchi. Kule, katikati ya mibuyu, kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya mawe, na makaburi mengine ya juzi tu yako pembeni yake.

Tuanze na msikiti. Wataalamu wanasema ni wa mwishoni mwa karne ya 15 au karne ya 16. Shuleni tulikaririshwa kwamba jiji hili lilianza pale Sultan Majid wa Zanzibar alipokuja kujenga karibu na kijiji cha Mzizima, miaka ya 1860. Sawa, jina la Dar es Salaam ni la enzi hizo. Lakini zaidi ya miaka 250 kabla ya Majid, watu wa Kunduchi walikuwa wanachonga matumbawe, wanachoma chokaa na kusali ndani ya jengo la mawe. Kwa taarifa yako, ukisimama gofuni unaweza kujua kaskazini bila dira. Makka iko karibu kabisa kaskazini yetu, kwa hiyo tafuta kibla. Makaburi nayo yamelala mashariki-magharibi, maana maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla.

Sasa makaburi. Mengi ni ya karne ya 18 na 19, na baadhi yana nguzo ndefu ya mawe iliyosimama upande wa kichwani. Watu wakiona nguzo wanasema "hayo ya Waarabu." Taratibu jamani. Makaburi ya nguzo unayakuta kuanzia pwani ya Somalia, unapita Malindi na Mambrui, mpaka huku kwetu. Ukienda Uarabuni huyakuti. Ni mtindo wa pwani hii.

Kwenye nguzo na kuta zake mafundi walipachika mabakuli na sahani za Kichina, yakashikwa na chokaa. Ulikuwa urembo, na pia ni kuonyesha kwamba marehemu alikuwa mtu mzito, wa kununua vyombo vilivyopita bandari kadhaa za Bahari ya Hindi. Leo sehemu nyingi utaona shimo la mviringo tu. Bakuli halipo.

Hapo ndipo panaponiuma. Makaburi mengi ya namna hii hayana mwaka ulioandikwa. Gede kule Kenya kuna moja lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na wataalamu wanalienzi kama almasi kwa sababu ni bahati. Kwingine inabidi wasome bakuli. Ufinyanzi wa China unajulikana vizuri: rangi hii ya enzi fulani, ua lile la enzi nyingine. Bakuli likiwa la miaka ya 1700, basi kaburi haliwezi kuwa la kabla ya hapo. (Linaweza kuwa la baadaye, maana hata bibi yako ana sahani ya kabatini ambayo haijawahi kuliwa ubwabwa.) Likishang'olewa na kuuzwa, mnunuzi anabaki na bakuli lisilo na kwao, na kaburi linabaki halina umri. Hata ukilirudisha, nani atajua lilikaa shimo lipi?

Na wale wanaochimba magofu kutafuta rupia za Mjerumani, naomba niwaulize: mtu aliyezikwa miaka ya 1700 rupia ya Mjerumani angeipata wapi? Zilianza kutengenezwa 1890! Halafu Mwislamu anazikwa na sanda, basi. Unachimba nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo kung'oa kitu pale ni kosa. Lakini sheria hailali porini kulinda.

Mkienda, msiende mmoja mmoja. Ulizieni wenyeji, na kumbukeni hapo ni makaburini, siyo mahali pa kupanda juu ya nguzo ili picha itoke bomba.

Kwa watu wa upande wetu, Kunduchi ni mbali, lakini Mbwamaji je? Iko kule karibu na Gezaulole, tangu enzi Kigamboni ikiwa bado ndani ya Temeke. Nako kuna msikiti wa kale na makaburi. Mdau mwenye picha za zamani za pale, hasa zinazoonyesha bakuli likiwa bado ukutani, azilete tuzione.