Umenunua Redio Koli Busia? Soma Hii Kabla Ubonyeze

Buda, hiyo Baofeng ya wati 5 ni poa, lakini katikati ya manyumba za Busia inafika kilomita chache tu. Kufika mbali unahitaji ripita: mtambo unakaa juu mlimani ama kwa mlingoti, unanasa sauti yako kwa frikwensi moja, unairusha saa hiyo hiyo kwa ingine, na nguvu zaidi.

Sasa ngori ni mpaka. Mawimbi yanavuka Malaba bila pasipoti, leseni yako haivuki. Kenya unapewa na CA, na wasee wa hobi majina yao ya hewani yanaanzia 5Z4. Uganda ni UCC, 5X. Bila leseni, sheria ya mawasiliano ya 1998 inakungoja, na karao wa mpakani akikuona na redio koli anawaza magendo kwanza. Anzia CA, halafu utafute wenzako 144 hadi 146 MHz.