Juma la Muosha Sahani

Sidney Poitier, kijana aliyelelewa katika visiwa vya Bahama, alifika New York mwaka 1943. Alipoomba kazi katika jumba la michezo la waigizaji weusi, mtaani Harlem, alifukuzwa: matamshi yake yalikuwa mabaya, na kusoma kulimshinda.

Tangu hapo juma lake halikuwa na nafasi. Jioni aliosha sahani hotelini. Kazi ikiisha, mtumishi mmoja mzee wa meza alimfundisha kusoma gazeti. Nyumbani aliiga sauti za watangazaji wa redio. Kisha akarudi Harlem, akajitolea kufagia jumba lile lile bila mshahara, mradi afundishwe.

Mwaka 1964 alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya mwigizaji mkuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.